Mateka, mfungwa au mzuiliwa? Mtoto wa Dar es Salaam aliyeshikwa vitani mara mbili

Tangu Oktoba 2023 neno mateka halijapoa midomoni mwa watu wa Dar es Salaam. Vijana wawili wa Kitanzania waliokuwa Israel kwa mafunzo ya kilimo walipotoweka katika shambulio la Hamas la tarehe 7 ya mwezi huo, vijiwe viligeuka mahakama. Huyu alisema vijana wale ni wafungwa wa vita. Yule akauliza Msalaba Mwekundu umelala wapi. Mwingine akashangaa raia asiye na bunduki anatekwaje. Serikali ilithibitisha kifo cha mmoja wao Novemba na cha mwenzake Desemba mwaka uleule, na mwili wa huyu wa pili ukarudishwa Novemba 2025. Mpaka leo wapo wanaoandika kwamba alifia mikononi mwa watekaji, ilhali taarifa iliyotolewa ni kwamba aliuawa siku ileile ya shambulio. Kilichoshikiliwa miaka miwili ni mwili wake.

Sitawataja majina wala kuendelea nao, maana familia zao zimeshaandikwa vya kutosha. Lakini mkanganyiko wenyewe unastahili kufumuliwa, na sioni njia iliyo bora kuliko kupitia maisha ya mtu mwingine wa hapahapa mjini. Alizaliwa Dar es Salaam Februari 1904, akashikwa vitani mara mbili. Mara ya kwanza alitoka. Mara ya pili alifia humo.

Jina lake la kuzaliwa ni Mahjub bin Adam Mohamed. Wanahistoria wengi humwita Bayume Mohamed Husen, na ndilo nitakalotumia.

Kushikwa kuko kwa namna nyingi

Kabla ya kumfikia, tupange maneno. Mateka wa vita ni askari aliyeangukia mikononi mwa adui. Kupigana kwake si kosa la jinai. Anazuiwa asirudi kwenye mapambano, basi. Anapaswa kulishwa, kutibiwa, kuruhusiwa kuandika barua, na vita vikiisha kurudishwa kwao. Hao ndio tuliokuwa nao wakati wa vita vya Kagera, askari wa Idi Amin na wa Libya waliokamatwa na jeshi letu.

Mtu anayeshikiliwa ili wenzake walazimike kufanya jambo fulani, kama kulipa fedha, kuachia wafungwa au kurudisha majeshi nyuma, naye tunamwita mateka, na hapo ndipo vurugu ya mazungumzo inapoanzia. Huyu mara nyingi ni raia. Sheria ya kimataifa hairuhusu kabisa kumshika mtu kwa lengo hilo, awe raia au askari, na hata umlishe vizuri namna gani, tendo lenyewe ni haramu.

Mfungwa ni yule aliyepita mahakamani, akasomewa shitaka, akapewa miaka. Halafu yuko aliyewekwa kizuizini: dola inamshika bila kesi, kwa kudai tu kwamba akiachwa ni hatari. Watanzania wenye umri mkubwa hawahitaji kuelezwa jambo hili, kwani sheria yetu ya kuweka watu kizuizini ilipitishwa mwaka 1962.

Ukitaka kuona tofauti hizo zina uzito gani, nenda stendi ya Magufuli ukatume kifurushi Mbeya. Ukikipitisha ofisini kwa wakala, unapewa risiti yenye namba, jina la mtumaji na la mpokeaji. Kikichelewa una mahali pa kwenda kuuliza na mtu wa kujibu. Ukimkabidhi abiria usiyemjua kupitia dirishani, kinaweza kufika salama, lakini kisipofika huna wa kumuuliza. Mateka wa vita ana risiti. Jina lake huandikwa, nchi yake huarifiwa, na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ina haki ya kumtembelea. Ofisi ya kuorodhesha mateka ilifunguliwa Geneva mwezi Agosti 1914, vita kuu ya kwanza ilipoanza, na kabla vita havijaisha ilikuwa na kadi za majina kwa mamilioni. Aliyetekwa kwa kushurutisha wengine hana risiti, na wa kizuizini mara nyingi hana pia.

Askari wa miaka kumi

Baba yake Husen alikuwa Msudani, ofisa katika jeshi la Wajerumani la makoloni. Hilo halikuwa ajabu Dar es Salaam ya wakati ule: Wajerumani walianza utawala wao kwa askari wa kuajiri kutoka Sudan na Wazulu kutoka Msumbiji, na wajukuu zao ni watu wa mji huu hadi leo. Kwa hiyo wanaosema Husen hakuwa mtu wetu kwa kuwa baba alitoka Sudan wangelazimika kuwafuta watu wengi sana wa Kariakoo na Gerezani.

Alijifunza Kijerumani akiwa mtoto na akawahi kuwa karani katika kiwanda huko Lindi. Vita vilipozuka mwaka 1914 aliingia jeshini pamoja na baba yake. Alikuwa na miaka kumi. Leo kumwandikisha mtoto wa chini ya miaka 15 ni uhalifu wa kivita kwa mujibu wa Mkataba wa Roma wa mwaka 1998. Zama zile hakuna aliyelitazama jambo hilo mara mbili.

Oktoba 1917, kusini karibu na Lindi, vikapiganwa vita vya Mahiwa, mapambano ya siku nne ambamo upande wa Waingereza peke yake ulipoteza watu zaidi ya 2,000 kwa kufa na kujeruhiwa. Husen, mwenye miaka 13, alijeruhiwa na kushikwa na Waingereza. Hapa ndipo utekwa wake wa kwanza, na kwa maana zote ulikuwa utekwa wa vita: askari mwenye sare, aliyeshikwa na jeshi la adui, akaachiwa mapigano yalipokwisha. Sisemi kambi zile zilikuwa raha. Nasema alikuwa na nafasi inayotambulika, na akatoka hai.

Ni vyema kukumbuka kwamba katika vita hivyohivyo wapagazi hawakuwa na nafasi hiyo. Waliobeba mizigo ya majeshi walikufa zaidi ya 90,000 kwa kumbukumbu za upande wa Waingereza pekee, na mpagazi aliyeangukia upande wa pili kwa kawaida alibadilishiwa mzigo tu, akaendelea kutembea. Hakuna aliyemwandikia kadi.

Mwalimu wa Kiswahili Berlin

Baada ya vita Husen alifanya kazi kwenye meli, na mwaka 1929 akafika Berlin. Alikwenda wizara ya mambo ya nje kudai mishahara yake na ya baba yake ambayo jeshi halikuwahi kulipa. Wakamjibu amechelewa. Mwaka huohuo, huku nyumbani, mtu mwingine aliyepigana jeshi lilelile la Wajerumani, Kleist Sykes, alikuwa miongoni mwa walioasisi African Association, chama ambacho baadaye kingezaa TAA na TANU. Siwalinganishi ili kumsuta Husen. Naona tu jinsi watoto wawili wa askari, waliopita vita vilevile, walivyosoma tofauti deni lao kwa mkoloni: mmoja alilifuata hadi ofisini kwake, mwingine akageuka kuwapanga wenzake.

Husen akabaki Berlin. Alikuwa mhudumu katika Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe na migahawa, na akapata kibarua cha kufundisha Kiswahili chuo kikuu. Hapa pana uzushi mmoja unaozunguka mitandaoni: kwamba alikuwa profesa. Hakuwa. Kitengo cha lugha za Mashariki cha Chuo Kikuu cha Berlin, kilichoanzishwa mwaka 1887, kilikuwa na kawaida ya kuwaweka wenye lugha kama wasaidizi: mwalimu Mjerumani akieleza sarufi, Mswahili akitamka na kuzungumza na wanafunzi. Kazi ilikuwa kubwa, cheo kidogo, na mshahara mdogo zaidi.

Aliyepita njia hiyo kabla yake ni Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, mmoja wa waandishi wakubwa wa Kiswahili cha zama zile. Mtoro alifundisha Berlin, akaoa Mjerumani, na mwaka 1905 alipotaka kurudi nyumbani na mkewe serikali ya koloni ilimkatalia kushuka naye. Akarudi Ujerumani na kufia huko mwaka 1927. Kwa hiyo watawala hawakusubiri Wanazi ili kuingilia ndoa ya Mwafrika na mwanamke wa Kizungu. Walikuwa na mazoezi.

Husen naye alioa, mwishoni mwa Januari 1933, siku chache tu kabla Hitler hajashika madaraka tarehe 30. Sheria zilizokuja baadaye zilikuta ndoa imeshafungwa.

Je, alikuwa kibaraka?

Swali hili huulizwa sana, na lina msingi. Husen alidai nishani ya askari wa mstari wa mbele, akanyimwa, lakini aliendelea kuvaa sare ya askari hadharani. Alishiriki maonyesho ya kuzunguka yaliyokuwa yakiwakumbusha Wajerumani makoloni yao yaliyopotea. Vita vilipoanza mwaka 1939 aliomba kuingia jeshini; wakamkataa. Alionekana katika filamu zaidi ya 20, kwa kawaida akiwa mtumishi, mpagazi au mkalimani. Ya mwisho, ya mwaka 1941, ilimtukuza Carl Peters, yuleyule ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu.

Mimi sioni ugumu wa kusema kwamba alitumika. Lakini tazama alikuwa na njia zipi. Dar es Salaam ilikuwa imekwenda kwa Waingereza chini ya mamlaka ya Shirikisho la Mataifa. Watu wa makoloni hawakuwahi kuwa raia kamili wa Ujerumani. Walikuwa watu wa kulindwa, na aliyekuwa akiwalinda ameshaondoka. Mkewe na watoto wako Berlin. Milango ya kazi inafungwa mmoja baada ya mwingine kwa sababu ya rangi. Wenye ndoto ya kurudishiwa Afrika Mashariki ndio pekee waliobaki wakimhitaji, kama picha ya askari mtiifu. Utiifu ulikuwa ndio ajira yenyewe.

Na haukumlinda. Mwaka 1941 alisemwa kwa polisi kwamba ana uhusiano na mwanamke wa Kijerumani. Sheria za Nuremberg za mwaka 1935 zilipiga marufuku ndoa na mapenzi kati ya Wajerumani na Wayahudi, na maelekezo ya utekelezaji yakawajumuisha weusi na Waroma, jamii ambayo wengi huiita Wajipsi. Watu wengi wanaandika kwamba alihukumiwa kwa sheria hizo. La, hakuhukumiwa na mtu. Polisi wa siri, Gestapo, walimshika na kumpeleka kambi ya Sachsenhausen, kaskazini ya Berlin, Septemba 1941, pasipo kesi, pasipo hakimu, pasipo idadi ya miaka.

Utaratibu huo Wajerumani waliupa jina la ulinzi, eti mtu anazuiwa kwa ajili ya usalama. Uliegemea amri ya dharura ya Februari 1933, iliyotolewa baada ya bunge lao kuungua, amri ya muda ambayo haikuondolewa hadi utawala ulipoanguka. Kwa lugha yetu ni kizuizini, lakini kizuizini kisicho na bodi ya kupitia shauri wala tarehe ya kutoka, na ndani yake kazi ngumu, njaa na kipigo. Kuna wanaodhani kambi ya mateso ilikuwa gereza kali. Gerezani mtu anaingia kwa hukumu na anahesabu siku. Kambini aliyekuweka ndiye pia aliyeamua kama utatoka. Watu zaidi ya 200,000 walipitishwa Sachsenhausen kati ya mwaka 1936 na 1945, na makumi ya maelfu hawakutoka.

Husen alifia humo tarehe 24 Novemba 1944.

Adui aliyetoka, mtiifu aliyebaki

Sasa mweke kando ya mtu mwingine. Léopold Sédar Senghor, ambaye mwaka 1960 angekuwa rais wa kwanza wa Senegal, alikuwa amesoma Paris na kufaulu mtihani mkubwa wa ualimu wa sarufi mwaka 1935. Aliingia jeshi la Ufaransa, akashikwa na Wajerumani Juni 1940. Wiki hizohizo wanajeshi wa Kijerumani walikuwa wakiwapiga risasi askari weusi waliokwisha kujisalimisha. Huko Chasselay, karibu na Lyon, waliuawa karibu 50. Senghor aliponea. Akaandikishwa kuwa mateka wa vita, akawekwa katika kambi za Ufaransa, kwa kuwa Wajerumani hawakutaka weusi kwenye ardhi yao, na mwanzoni mwa mwaka 1942 akaachiliwa akiwa mgonjwa.

Septemba 1941, basi, wote wawili walikuwa mikononi mwa dola moja. Senghor alikuwa adui aliyeshikwa na silaha. Husen alikuwa amemwaga damu kwa ajili ya Ujerumani akiwa na miaka 13. Adui alikuwa na namba ya mateka, na Mkataba wa Geneva wa mwaka 1929 ulimhusu. Mtiifu hakuwa askari wa nchi yoyote, hakuwa raia anayedaiwa na serikali yoyote, na mkataba ule haukuwagusa raia hata kidogo. Ndiyo maana nasema jina la kifungo chako linaweza kuamua mengi kuliko ulichokifanya.

Nisieleweke kwamba karatasi inatosha. Katika miezi ileile ambayo Husen aliingizwa Sachsenhausen, mateka wa vita wa Kisovieti wasiopungua 10,000 walipigwa risasi kambini humo. Walikuwa askari, wenye sare, kwa maana zote mateka wa vita. Ujerumani ilijitetea kwamba Urusi ya Kisovieti haikusaini mkataba ule, na kati ya askari wake milioni 5.7 waliotekwa, zaidi ya milioni 3 walikufa. Hata mtoto wa Stalin, Yakov Dzhugashvili, ofisa wa mizinga aliyesomea uhandisi, alifia Sachsenhausen Aprili 1943. Sheria ilikuwapo, ila aliyewashika aliamua kwamba haiwahusu watu wa aina ile.

Je, sheria ya leo ingemsaidia Husen? Mikataba minne ya Geneva ya mwaka 1949 iliongeza kile kilichokosekana: wa nne unawalinda raia walio mikononi mwa nchi isiyo yao wakati wa vita, na unakataza kuteka watu. Kwa hesabu zangu, mtu aliyezaliwa Tanganyika angeweza kudai yuko chini ya mamlaka ya Uingereza, na kwa hiyo ni mgeni wa upande wa adui. Wajerumani walikuwa na kambi maalumu za raia wa Kiingereza, zilizotembelewa na Msalaba Mwekundu. Angekwenda huko, angekuwa na anwani. Lakini Husen mwenyewe aliendelea kujitambulisha kuwa askari wa Ujerumani, na aliomba kuipigania Ujerumani dhidi ya Uingereza. Huenda hata mlango huo ungefunguliwa asingeupita.

Turudi kwenye ubishi wa vijiweni. Msalaba Mwekundu hauna jeshi wala ufunguo wa gereza. Unaingia pale mwenye kushika anapokubali uingie. Nchi iliyoweka sahihi ikiuzuia kuwafikia mateka wa vita inavunja ahadi yake. Kikundi cha silaha nacho kinabanwa na sheria, lakini mara nyingi hakuna wa kukilazimisha isipokuwa mazungumzo, na mazungumzo huchukua muda ambao aliyeshikwa pengine hana. Kuulaumu Msalaba Mwekundu kwa kutowatoa watu ni kuulaumu kwa mamlaka ambayo hakuna aliyewahi kuupa.

Kwa mwenye ndugu aliyepotelea vitani siku hizi, Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania hupokea maombi ya kumtafuta kupitia mtandao wa kimataifa wa kuunganisha familia. Kwa wa zamani, mwenye babu aliyeondoka na meli ya Kijerumani na hakuonekana tena, kuna Hifadhi ya Arolsen huko Ujerumani, yenye hati zipatazo milioni 30 za watu walioteswa na utawala wa Wanazi. Sehemu kubwa husomwa bure kwenye intaneti, na maombi ya familia hayalipiwi. Usitafute kwa jina moja tu. Aliyezaliwa Mahjub bin Adam Mohamed alikufa akiitwa Husen, kwa tahajia ya Kijerumani. Jaribu Hussein, Husein, Hussen. Jaribu jina la baba kama jina la mtu mwenyewe. Na ukiwa na mwaka na mji wa kuzaliwa, anza na hivyo.